Kuinua Boti Wakati wa Mwera

Mimi ni mwendesha kreni. Nilizaliwa Mkumbi, juu kwenye milima ya Umatengo, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, na mpaka nimekuwa mtu mzima nilikuwa sijaingia kwenye maji yanayopita magoti. Kazi ndiyo iliyoniteremsha ziwani. Nilikuwa nimesoma chuo cha ufundi, nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye majengo marefu ya Dar es Salaam, na siku niliposikia kwamba Mbamba Bay wanajenga gati na wanatafuta watu wa mitambo, niliomba. Mama alifurahi kwamba mwanaye anarudi karibu. Kutoka Mbamba Bay hadi nyumbani ni safari ya kupanda mlima, lakini ni safari ya kwenda na kurudi mwisho wa juma.

Watu wakisimama chini ya kreni huuliza inabeba tani ngapi. Sijawahi kuulizwa inavumilia upepo gani. Lakini mzigo una adabu yake: ukishaupima, umeupima. Upepo hauna adabu. Chini unaweza kuwa umesimama, kanga yako haitikisiki, na kule juu kwenye ncha ya bumu, ule mkono mrefu wa kreni, hewa inakimbia kama gari. Na upepo hausukumi kreni tu. Unasukuma mzigo wenyewe. Mzigo ukiwa mpana, kama ukuta wa mbao au bati, unageuka kuwa tanga. Unatoka nje, unajivuta mbali na kreni, na kreni inayobeba mzigo ulio mbali ni kama mtu aliyenyoosha mkono na ndoo ya maji: kile alichokiweza karibu na kifua hakiwezi tena.

Haya nilifundishwa darasani, ila niliyaelewa Dar es Salaam, nikiwa bado najifunza. Mwendeshaji mmoja alinyanyua mbao za kumwagia zege siku yenye upepo wa vipindi. Waya haukukatika. Kreni haikuanguka. Mbao ziligeuka tu, taratibu, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, zikambana seremala mmoja kwenye nguzo. Asubuhi ile alikuwa amenisalimia na kuniuliza kama kwetu Mbinga kuna baridi kweli kama wanavyosema. Alifia hospitalini. Tangu siku hiyo, kila kreni ninayoipanda, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kipima upepo.

Pale Mbamba Bay nilifanya kazi na mtoa ishara mmoja, Mnyasa wa Lundo, kijiji cha ufukweni, mkubwa kwangu kidogo. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita dada. Mtoa ishara ndiye macho ya mwendeshaji. Nikiwa kibandani, injini inanguruma, sisikii neno la mtu. Naona mikono yake tu. Akizungusha kidole juu, napandisha. Akikielekeza chini, nashusha. Akinyoosha mkono pembeni, kiganja kikitazama ardhi, nasimama hata kama sioni sababu. Wapo watoa ishara wanaopunga kama wanafukuza ndege shambani. Yeye mikono yake ilikuwa imetulia. Kilugha changu hakukijua, nami Kinyasa sikukijua, tukawa tunazungumza Kiswahili na mikono, na mikono ndiyo iliyozidi.

Upepo wa kusini watu wa kule wanauita mwera. Huja miezi ya baridi, wakati kwetu juu tunachuma kahawa. Unaweza kuvuma ukapumzika, na unaweza kuvuma siku baada ya siku mpaka mtu asahau kulikuwa na wakati wa utulivu. Siku za mwera tulikuwa tunafanya kazi za chini: kusuka nondo, kupaka grisi, kukagua waya. Kreni ilisimama.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mwera ulikuwa umeanza jana yake, na asubuhi ile ziwa lilikuwa limevimba, jeupe mpaka mbali. Tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya makontena tulipoona boti ikitokea upande wa Lundo. Ilikuwa boti ya mbao yenye injini, ya kubeba abiria na mizigo, na ilikuwa inapanda mawimbi kwa shida, pua ikiinuka na kupotea. Mtu mmoja akasema hawakupaswa kutoka. Mwingine akasema wameshakaribia. Ilipoanza kuizunguka ncha ya gati ili iingie ghubani, ule moshi wake ukakatika. Injini ilikuwa imezima.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mawimbi yaliigeuza ubavu, yakaibamiza kwenye nguzo za gati tulizokuwa tumezisimamisha, mara ya kwanza, mara ya pili, ikajaa maji ikalala. Watu waliruka. Wavuvi walishaingiza mitumbwi majini kabla sisi hatujafungua jaketi za kuokolea. Boti yetu ndogo ya kazi nayo ikaenda. Waliokolewa akina mama, watoto, mzee mmoja aliyekuwa ameng'ang'ania gunia, na walipohesabiana pale mchangani wakakuta amepungua mmoja. Fundi wa injini. Alikuwa ameshuka chini kwenye injini kujaribu kuiwasha.

Vijana wa pale wanaojua maji walipiga mbizi. Waliinuka, wakashuka tena. Mwishowe mmoja akatoka akatikisa kichwa. Alimgusa, akasema. Yumo, mguu umebanwa chini ya injini, na magunia ya mahindi yamemlalia. Amekwisha. Hawezi kutolewa mpaka boti iinuliwe.

Nilikuwa nimepanda kibandani, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndipo mahali pangu. Nikaona mtoa ishara wangu anapanda ngazi. Hakuwahi kuipanda hata siku moja. Alifika mlangoni, akashika chuma kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, "yule ni kaka yangu."

"Kaka yako nani?"

"Fundi wa ile injini. Tumbo moja."

Nilimwambia pole. Akaitika kwa kichwa kama mtu anayepokea mzigo kwa niaba ya mwingine. Kisha akatazama juu, kwenye bumu, akasema, "Tutamnyanyua, eti?"

"Tutamnyanyua," nikamjibu. "Upepo ukiruhusu."

Kreni ilikuwa pale pale gatini, na boti ilikuwa imelala mahali bumu linapofika. Mtu yeyote aliyetazama aliona ndoano huku na boti kule, na kati yake nafasi ndogo tu. Injinia wetu, msimamizi wa eneo, alikuja tukazungumza. Boti ile uzito wake hatukuujua. Mbao zimelowa, magunia yamenyonya, injini, maji ndani. Ikitoka majini itakuwa nzito kuliko ikiwa ndani, na ubavu wake mrefu utashika upepo. Nilishusha ndoano tupu tuone. Ikaanza kuyumba kama kengele ya kanisa. Mshale wa kipima upepo ulikaa kidogo kwenye kijani, kisha ukaruka mpaka kwenye nyekundu na king'ora kikalia. Ukarudi tena. Ukaruka tena.

"Unasemaje?" Injinia akaniuliza.

"Haiwezekani leo."

Akatazama watu waliojaa ufukweni. Kisha akasema, "Aliyekaa kwenye kiti ni wewe. Ukisema haiwezekani, mimi nasimama nawe." Akashuka kwenda kuwaambia.

Niliona toka juu jinsi maneno yake yalivyopokelewa. Vichwa viligeuka vyote, vikatazama kreni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole ninayemheshimu, alipaza sauti mpaka nikaisikia: "Mtambo mkubwa namna hii unashindwa na boti ya mbao?" Na walikuwa na haki ya kushangaa. Ufukweni pale, chini ya kilima, upepo haukuwa mkali. Akina mama walikuwa wamekaa na mitandio yao imetulia mabegani.

Mama wa marehemu alifika mchana, kwenye pikapu, toka Lundo. Nilishuka. Nilijua sina haki ya kukaa juu mama huyo akiwa chini. Alikuwa mwembamba, kanga imefungwa kifuani, miguu pekupeku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole sana mama yangu."

Hakuitikia pole. Alinishika mkono juu ya kiwiko na kuanza kusema Kinyasa, kwa sauti ya chini, bila kulia, maneno mengi. Mwanawe alisimama kando yetu na helmeti mkononi. Alipomaliza nikamgeukia.

"Mama anasemaje?"

"Anaomba," akasema.

Nilijua kwamba amesema zaidi ya hilo, na kwamba mwanawe amenistahi. Nilimweleza mama kwa Kiswahili chepesi kadiri nilivyoweza: kwamba tukinyanyua sasa, upepo unaweza kuigeuza boti, ikawapiga vijana watakaokuwa majini kufunga mikanda, kwamba kreni yenyewe inaweza kulala, kwamba mwanawe mwingine, huyu, ndiye anayesimama chini ya mzigo kunipa ishara. Alinisikiliza. Nadhani alinielewa. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu alale majini?"

Nikasema ndiyo.

Jioni ilipokaribia mwera ukaongezeka, na hapo ikanibidi nifanye jambo lililoumiza watu kuliko kukataa. Bumu haliachwi limesimama katika upepo kama ule. Linashushwa mpaka lilale, tena kabla upepo haujazidi, maana ukizidi huwezi hata kulishusha. Nikalishusha. Kwangu ilikuwa kazi ya kawaida, ya usalama, tunayoifanya kila mwera ukichachamaa. Lakini kule mchangani mwanamke mmoja alipiga yowe: "Wameilaza! Wamemwacha!" Na kilio kikapokewa na wengine mpaka ufukwe mzima ukalia. Wao waliona bumu linaondoka juu ya kichwa cha mtu wao. Nikaendelea kulishusha mpaka likagusa magogo yake.

Kesho yake mwera haukutulia. Watu walikuwa wamekesha pale pale kwenye mikeka, na padri wao wa Kianglikana alikuwa amekuja kusali nao. Asubuhi vijana waliamua kujaribu wenyewe. Walikusanya mapipa matupu, wakayafunga kwenye boti kwa kamba ili maji yenyewe yainyanyue. Ni akili nzuri. Ziwa likiwa shwari ingefanya kazi. Mawimbi yaliyakata mapipa moja baada ya lingine na kuyarusha kwenye nguzo, na kijana mmoja akabanwa vidole kati ya pipa na chuma. Wakamtoa, wakampeleka kituo cha afya, na kazi ikaishia hapo.

Mtoa ishara wangu alinifuata nikiwa nakagua waya. Hakuwa amelala, macho yamekuwa mekundu.

"Dada, jana ulisema leo."

"Nilisema upepo ukiruhusu, kaka."

"Kuna wakati unatulia. Nimetazama. Unatulia kidogo, unarudi. Tungewahi kwenye ule utulivu."

"Na ukirudi boti ikiwa hewani?"

Akatazama ziwa. Kisha akasema, sio kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira: "Angekuwa kaka yako ungengoja?"

Kaka zangu walikuwa Mkumbi wanachuma kahawa, wote wazima. Mtu ambaye ndugu zake wako shambani hana jibu la swali kama hilo. Akanitazama, akaweka helmeti yake juu ya minyororo ambayo kreni hutembelea, akaondoka kwenda kukaa na mama yake.

Mchana ule nami nilikwenda kwenye mikeka. Wenzangu waliniambia nisiende, watu wana uchungu, wanaweza kunitukana. Nikaona heri nitukanwe karibu kuliko mbali. Nilifunga kanga juu ya suruali ya kazi, nikachukua sukari na majani ya chai, nikaenda nikasalimia. Waliitikia. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenisogezea mkeka pia. Nikakaa mchangani, nyuma kidogo, na walipoanza kuimba nyimbo za kanisa lao, ambazo kwetu Wakatoliki tunaziimba kwa sauti nyingine, nikawa naitikia pale ninapojua. Mbele yetu mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya mahali boti ilipolala. Kila yalipopasuka mama wa marehemu alifumba macho.

Nilikuwa na wakati wa kufikiri. Nilijiuliza kama ninaogopa kwa ajili ya watu au kwa ajili ya yule seremala wa Dar es Salaam. Nilijiuliza kama mwendeshaji mwingine, jasiri zaidi yangu, asingekuwa ameshamaliza. Na nilijua jambo moja: fundi yule angekuwa hai ndani ya boti, sijui ningefanya nini, na sitajifanya kwamba najua. Lakini alikuwa amekufa. Waliokuwa hai ni wale vijana wa mbizi na yule anayesimama chini na kuinua mkono.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ukimya. Bati la nyumba niliyopanga, lililokuwa likigonga siku zote zile, lilikuwa limenyamaza. Nilitoka nje nikiwa bado navaa buti. Ziwa lilikuwa limelala kama halijawahi kumfanyia mtu lolote.

Tulipofika gatini watu walishasimama. Tuliliinua bumu. Kipima upepo kilikaa kwenye kijani na hakikutoka. Injinia alikuwa ametafuta mtoa ishara mwingine, maana, alisema, hakuna mtu anayeagizwa kumnyanyua ndugu yake. Lakini mtoa ishara wangu alikuja amevaa fulana yake, akasimama mahali pake.

"Kaka, si lazima," Injinia akamwambia.

"Najua."

Injinia akanitazama mimi. Nikatazama ile mikono. Ilikuwa imetulia. Nikaitika kwa kichwa.

Vijana walipita chini ya boti na mikanda, wakaifunga mbele na nyuma, wakafunga na kamba ndefu za kuongozea ambazo wavuvi walizishika toka kwenye mitumbwi. Kidole kikazunguka juu. Nikapandisha. Waya ulikaza, kreni ikaguna, na kwa muda hapakutokea kitu. Kisha maji yakafanya duara, na ubavu wa rangi ya buluu ukatokea. Akaninyooshea mkono: simama. Tukaacha maji yamwagike, maana maji yaliyomo ndani ni mzigo unaotembea. Kidole tena, polepole, kipande kwa kipande. Magunia yalikuwa yamepasuka. Mahindi yalimwagika yakaelea juu ya ziwa, manjano, mengi. Kila tuliposimama nilitazama kipima upepo, nikatazama mikono, nikarudi kwenye kipima upepo.

Boti ilipokaa usawa ambao mtu anaweza kuingia, mikono yake ikakutana mbele ya tumbo, viganja vimeshikana. Katika ishara zetu maana yake ni: funga kila kitu, usitikise chochote. Nikafunga breki, nikaondoa mikono yangu kwenye vishikio. Vijana wakaingia ndani ya boti. Walichukua muda mrefu. Yeye alisimama vile vile, viganja vimeshikana, uso ameuelekeza kwangu na siyo kwenye boti. Kama ilikuwa bado ishara au ilikuwa sala, sikuweza kujua, na nadhani yeye pia hakujua. Walimtoa kaka yake wamemzungushia turubai, wakampitisha nyuma ya mgongo wake, wakamteremsha kwenye mtumbwi, na kilio kikaanza ufukweni. Hakugeuka. Mzigo ulikuwa bado unaning'inia na watu walikuwa bado chini yake. Wote walipotoka ndipo akafungua viganja, akaelekeza kidole chini, tukaishusha boti kwenye maji mafupi, ikakaa. Akanipa ishara ya mwisho ya kwamba kazi imekwisha. Kisha akakaa chini pale pale kwenye zege.

Tulizika Lundo siku ile ile, mwili haukuweza kungoja. Kampuni ilitoa gari, tukaenda wote. Baada ya mazishi nilipanga foleni na wengine kumpa mama mkono wa pole. Alinitambua.

"Ulinichelewesha," akasema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama."

Hakuuachia mkono wangu mara moja. Wa nyuma yangu wakangoja. Kisha akauachia, nikapita.

Walinisifu, baadaye. Injinia alinitaja mbele ya wenzangu kwenye kikao cha asubuhi, kama mfano wa mtu asiyeyumbishwa. Sikupenda. Mpaka leo sijui kama kreni ingelala, au boti ingegeuka, au kama tungewahi kweli kwenye ule utulivu mfupi aliousema. Huenda tungewahi. Ajali ikitokea, kila mtu anaiona, wanaandika taarifa, wanapiga picha. Isipotokea hakuna kinachobaki cha kumwonyesha mtu. Kilichobaki ni siku ambazo mama alitazama maji, na hizo zilionekana na wote. Ndiyo kazi niliyoichagua. Nalala usingizi, siwezi kudanganya kwamba silali. Lakini sijawahi kusimulia habari hii nikijiona shujaa.

Mtoa ishara wangu alirudi kazini baada ya matanga. Mikono yake ilikuwa ile ile. Maneno ndiyo yaliyopungua. Zamani alikuwa akinisimulia habari za ziwa wakati wa chai. Sasa alikunywa chai yake na wavuvi. Mwaka ulipokaribia kuisha alikuja kuniaga. Mwenye boti ameitengeneza, akasema, ameweka mbao mpya na injini nyingine, na anatafuta fundi. Kazi ya injini alijifunza kwa kaka yake, na watoto wa kaka yake wanasoma.

"Utakwenda kwenye boti ile ile?" nikamuuliza.

"Boti haina kosa, dada."

"Na mwera?"

"Mwera ukivuma sitoki." Akatazama pembeni. "Abiria watanitukana. Nitazoea. Si nimekuona?"

Hilo ndilo neno pekee aliloniambia juu ya siku zile. Sikumwambia asante, tulipeana mkono, akaenda.

Mwezi wa saba uliofuata nilipata ujumbe kwamba Lundo kutakuwa na ibada ya kumkumbuka marehemu, na kwamba mama amesema niambiwe. Barabara ipo, ningeweza kwenda kwa bodaboda. Nilikwenda kwa boti. Ulikuwa mwisho wa juma wa shwari katikati ya mwera, na nilikaa karibu na injini, nimevaa jaketi ya kuokolea mpaka kifungo cha juu, nimeshika ubao kwa mikono yote miwili. Yeye alikuwa kwenye injini, na mafuta mpaka viwikoni. Alinicheka mara moja, kidogo. Tulizungumza habari za bei ya usipa, dagaa wa ziwa lile, na za kahawa ya kwetu, na kama mvua za mwaka jana ziliwahi. Upande wa kulia milima ilitembea pamoja nasi.

Lundo hakuna gati. Boti inaingiza pua mchangani na abiria wanaruka kwenye maji ya magoti. Nilivua viatu, nikakunja gauni, nikashuka, na maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyodhani. Mama alikuwa amesimama ukingoni. Sikuwa nimetegemea kumkuta pale; nilidhani atakuwa kanisani au jikoni na wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa maji?"

"Nimekuja kwa maji."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunivuta nisianguke, nikampa mkono wangu, lakini akatikisa kichwa. "Lete," akasema. Alikuwa anataka viatu. Akavipokea, akavikung'uta mchanga, akavishika vyote kwa mkono mmoja, akatangulia mbele yangu kuelekea nyumbani.